Kansere na askari wa mwili: juu ya nini dawa za sida na chanjo zinagusa vita hii Lubumbashi

Tarehe 20 Januari 2025, rais wa Marekani Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya inje kwa siku 90. Kwa Haut-Katanga, hiyo haikuwa habari ya mbali. Mpango wa Marekani wa kupigana na sida, PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, ulikuwa unatia nguvu yake Kongo katika majimbo machache tu: Kinshasa, Lualaba na Haut-Katanga. Siku chache baadaye ruhusa ilitolewa kwa dawa zinazookoa maisha, lakini tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika la USAID lilifungwa rasmi.

Tangu siku hizo, mazungumzo mengi yamekuwa juu ya sida: nani atapata dawa, nani atakosa, nani atalipa. Hayo ni maulizo ya haki. Lakini kuna upande mwingine ambao hausikiki sana. Mtu akikosa dawa za VIH kwa muda mrefu, hafunguli tu mlango kwa kifua kikuu na kuhara. Anafungulia mlango kansere pia. Na kansere, Lubumbashi, ni ugonjwa ambao familia inalipa toka mfukoni, mara nyingi mpaka kuuza kiwanja.

Ili kuelewa namna mambo haya mawili yanashikana, inafaa kujua kwanza askari wa mwili ni nani, na kansere inawafanya nini.

Askari ni wengi, kila mmoja na kazi yake

Katika damu na katika nyama ya mwili kuna seli nyeupe. Waganga wanapenda kuziita askari, na mfano huo ni mzuri kama mtu hausukumi mbali sana. Kuna walaji, wenye jina la makrofaji: wanameza vijidudu, uchafu na seli zilizokufa. Kuna seli B, zinazotengeneza silaha za kurusha mbali. Kuna seli T, na hizi ziko za aina mbalimbali. Moja, ile inayoitwa CD8, inaua seli mbovu kwa kuigusa. Nyingine, CD4, ni kama mkubwa wa kikosi: yeye mwenyewe haui sana, lakini bila amri yake wengine hawajui pa kwenda.

Kila siku seli za mwili zinajigawa, na kila siku zingine zinakosea. Seli iliyokosea inaweza kuanza kuongezeka bila kusikia amri. Huo njo mwanzo wa kansere. Mara nyingi askari wanaitambua mapema na kuiondoa, mtu hajui hata kidogo kwamba kulikuwa na vita ndani yake.

Basi juu ya nini kansere inashinda watu? Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Kansere haitoki inje kama kijidudu cha malaria. Ni seli ya mtu mwenyewe, inavaa nguo ya nyumbani, na askari wamefundishwa wasipige watu wa nyumba.

Kansere inajua kununua askari

Mwaka 1863, muganga wa Ujerumani Rudolf Virchow aliandika kwamba ndani ya uvimbe wa kansere kuna seli nyeupe nyingi. Kwa miaka mingi watu walifikiri ziko pale kwa kupigana tu. Leo inajulikana kwamba nyingine ziko pale kwa kusaidia adui.

Chukua wale walaji, makrofaji. Kidonda kikipona, kazi yao ni kusafisha, kuita mishipa mipya ya damu na kusaidia nyama mpya kuota. Kansere inatuma ishara zinazofanana na za kidonda. Makrofaji wanafika, wanadanganyika, wanaanza kuleta damu na chakula kwa uvimbe. Mwaka 1986, mtafiti wa Marekani Harold Dvorak alilinganisha uvimbe wa kansere na kidonda kisichopona. Ndivyo ilivyo: ujenzi unaendelea bila mwisho, na fundi ni askari wa mwili wenyewe.

Kwa seli T, kansere inatumia njia nyingine. Seli T ina freni. Mungu au maumbile, kila mtu aseme anavyoamini, aliweka freni hiyo ili askari asichome kijiji chote akitafuta mwizi mmoja. Kansere inajua kubonyeza freni ile. Seli T inafika mbele ya uvimbe, inasimama pale kama gari kwenye bariere, na inaachia.

Kuna pia magonjwa yanayoweka askari kazini miaka na miaka bila kupumzika. Virusi vya hepatiti B katika ini, bilharzia katika kibofu cha mkojo: mwili unapiga, kidonda kinapona nusu, unapiga tena. Katika fujo hiyo ya miaka, seli zinajigawa sana na makosa yanaongezeka. Njo maana hepatiti B inaleta kansere ya ini, na bilharzia ya mkojo inaleta kansere ya kibofu.

Katanga inajua mfano mwingine, ule wa vumbi. Vumbi la mawe lenye silika, linalotoka kwa kutoboa na kuponda mwamba, linaingia mpaka ndani ya mapafu. Makrofaji wanalimeza, lakini hawawezi kulivunja. Wanakufa nalo, wanaliacha, wengine wanakuja kulimeza tena. Toka mwaka 1997, shirika la kimataifa la utafiti wa kansere lilitia vumbi hilo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansere kwa binadamu. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine kwa wingi katika mkojo. Utafiti ule ulipima madini mwilini, haukuhesabu kansere. Lakini unaonyesha kwamba vumbi halibaki kwenye shimo, linarudi na watu nyumbani.

Sida inapoondoa mkubwa wa kikosi

Sasa turudi kwa VIH. Virusi hivi vinaingia hasa ndani ya CD4, yule mkubwa wa kikosi, na kumuua. Bila yeye, CD8 wanapungukiwa amri, seli B wanarusha ovyo, na virusi vingine vilivyokuwa vimefungwa kimya vinatoka gerezani.

Kansere ya Kaposi ni mfano wa kwanza. Madoa meusi au ya zambarau kwenye ngozi, miguu kuvimba, mara nyingine vidonda ndani ya kinywa. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1872, na zamani kabla ya sida waganga wa Kongo ya mashariki na Uganda walikuwa wanauona kwa wanaume wazee, ukienda polepole, hasa miguuni. Sida ilipofika, ukaanza kuua vijana kwa haraka. Mwaka 1994 watafiti Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vinavyouleta. Watu wengi wanabeba virusi hivyo maisha yao yote bila shida, kwa sababu seli T zinavilinda mlangoni. Mtu mwenye VIH akianza ARV na CD4 wakapanda, mara nyingine madoa ya Kaposi yanapungua bila dawa nyingine yoyote. Hiyo ni alama ya wazi kwamba askari wakirudi, kansere inarudi nyuma.

Mfano wa pili unagusa wamama wengi zaidi: kansere ya mlango wa kizazi. Inaletwa na virusi vya HPV, ambavyo karibu kila mtu anayefanya ngono anakutana navyo siku moja. Kwa watu 9 kati ya 10, askari wanaviondoa wenyewe ndani ya miaka michache. Kwa wanaobaki navyo, kansere inachukua miaka 15 mpaka 20 kuota. Lakini kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano mwenye VIH asiyetunzwa, muda huo unaweza kuwa miaka 5 mpaka 10 tu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mwanamke anayeishi na VIH ana hatari mara 6 zaidi ya kupata kansere hii.

Mfano wa tatu ni wa watoto. Mwaka 1958, mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa anafanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto waliokuwa wanavimba taya kwa haraka ya ajabu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari toka Kampala mpaka Johannesburg, wakiuliza lopitali kwa lopitali ugonjwa ule unaonekana wapi. Waliukuta zaidi pale penye joto na mvua, yaani pale penye malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona virusi ndani ya seli za uvimbe ule. Hapa adui ni askari mwenyewe: kansere ya Burkitt ni seli B iliyoharibika. Malaria ya mara kwa mara inazisukuma seli B kuongezeka sana, na wakati ule ule inachosha seli T zilizopaswa kuchunga virusi. Mtoto akifikishwa mapema, kansere hii inasikia dawa vizuri na wengi wanapona. Akichelewa wiki chache, hali inabadilika kabisa.

Dawa mpya ni za kweli, lakini ziko bei kali

Mwaka 2018, Zawadi ya Nobel ya uganga ilipewa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani. Kazi yao ilikuwa juu ya zile freni za seli T. Toka kazi hiyo zilitoka dawa ambazo hazipigi kansere zenyewe. Zinaondoa mkono wa kansere kwenye freni, halafu askari wanaendelea na kazi yao. Ya kwanza, ipilimumab, ilikubaliwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumab na nivolumab zikafuata mwaka 2014.

Mgonjwa aliyejulikana sana ni rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter. Mwaka 2015, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba kansere ya ngozi imefika kwenye ubongo. Alitibiwa kwa upasuaji, miale na pembrolizumab. Aliishi mpaka tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Habari kama hii inaleta matumaini, na inaleta pia uongo. Kwanza, dawa hizi hazifanyi kazi kwa kila mtu wala kwa kila kansere. Wagonjwa wengi hawapati faida yoyote. Pili, askari bila freni anaweza kupiga nyumba: mapafu, matumbo, ini, tezi ya shingo. Inahitaji waganga waliofundishwa, laboratwari na uangalizi wa miezi. Tatu ni bei. Marekani, pembrolizumab kwa mgonjwa mmoja inapita dola 150,000 kwa mwaka.

Septemba 2025, OMS iliongeza pembrolizumab kwenye orodha yake ya dawa za lazima kwa kansere zingine, kati yao ile ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea mwilini. Orodha hiyo haishushi bei kwa siku moja. Lakini historia ya ARV inafundisha: mwaka 2000 dawa za sida zilikuwa za matajiri, zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, wagonjwa wakapiga kelele, India ikatengeneza zake, na bei ikashuka chini ya dola 100. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi wa watu, si elimu.

Kuna tiba moja ya aina hii ambayo kila mama wa Lubumbashi anaijua bila kujua. Ni BCG, ile chanjo ya kifua kikuu anayochomwa mtoto akizaliwa, inayoacha alama kwenye mkono. Mwaka 1976, muganga Alvaro Morales, Kanada, alionyesha kwamba BCG ikimwagwa ndani ya kibofu inaamsha askari pale pale na kuzuia kansere ya kibofu iliyo juu juu isirudi. Mpaka leo inatumika inchi nyingi.

«Dawa ya kuongeza kinga»: iko au haiko?

Katika soko, katika basi, hata mbele ya lango la lopitali, kuna watu wanauza chupa na vidonge vya «kuongeza kinga». Wanasema: kansere ni kukosa kinga, kunywa hii kinga ipande, kansere iishe. Maneno yanaingia masikioni vizuri kwa sababu nusu yake ni kweli.

Nusu nyingine ndiyo inaua. Kama ilivyoelezwa hapo juu, shida ya mgonjwa wa kansere mara nyingi si uchache wa askari. Uvimbe umejaa askari. Shida ni kwamba wengine wamesimamishwa kwenye bariere na wengine wamenunuliwa. Kuongeza hesabu ya askari ovyo hakuondoi freni. Hakuna chupa ya soko iliyoonyesha kwamba inaondoa freni hiyo. Kula vizuri ni lazima, kwa sababu mgonjwa mwenye nguvu anavumilia matibabu. Lakini mama mwenye kivimbe kidogo kwenye ziwa akipoteza miezi 6 kwa chupa na kwa mfumu, anafika lopitali na kivimbe kilichopasuka, na feza ya upasuaji imekwisha kuliwa.

Silaha zilizo karibu

Kwa wakaaji wa Kenya, Katuba, Ruashi au Kampemba, dola 150,000 ni hesabu ya hewa. Hata tiba ya miale inalazimisha wengi kufikiri safari. Inchi jirani ya Zambia ilifungua lopitali yake ya kansere Lusaka mwaka 2007. Kufika pale ni kuvuka Kasumbalesa, paspoti, basi, malazi, na miale inatolewa siku 5 kwa wiki, mara nyingi wiki 5 mfululizo. Aliyetoka na feza ya matibabu peke yake anarudi katikati.

Ndiyo maana silaha za hapa nyumbani zina uzito mkubwa zaidi. Ziko nne, na zote zinafanya kazi kupitia askari wale wale.

Ya kwanza ni ARV bila kukatiza. Kidonge kimoja kwa siku kinalinda CD4, na CD4 analinda mtu dhidi ya Kaposi na kansere zingine za virusi. Hii inagusa pia Goma, iliyoingia mikononi mwa AFC/M23 Januari 2025, na Bukavu, Februari iliyofuata. Mtu aliyekimbia bila kitabu chake cha matibabu anaweza kuomba dawa kwenye kituo cha karibu pale alipofikia. Asiseme atangoje kurudi.

Ya pili ni kupimwa mlango wa kizazi. Njia moja haihitaji mashine: anfirmiye aliyefundishwa anapaka asidi ya siki, ile inayofanana na vinaigre ya jikoni, anangoja dakika moja, na sehemu mbaya inageuka nyeupe. Ikikutwa mapema, inaondolewa kabla haijawa kansere. OMS inashauri kuanza kwenye miaka 30, na kwenye miaka 25 kwa mwanamke mwenye VIH, ambaye anapaswa kurudi kila miaka 3 mpaka 5.

Ya tatu ni chanjo. Ile ya hepatiti B imo ndani ya chanjo ya pamoja anayochomwa mtoto kwenye wiki 6, 10 na 14. Inafundisha askari kutambua virusi kabla havijakaa kwenye ini. Chanjo ya HPV nayo, Rwanda iliianza kwa wasichana mwaka 2011, ya kwanza Afrika. Uganda mwaka 2015, Tanzania 2018, Zambia 2019. Toka mwaka 2022 OMS inasema hata dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, na hiyo inapunguza gharama kwa nusu. Msichana wa Kasumbalesa upande wa Zambia na msichana wa Kasumbalesa upande wa Kongo wana mwili mmoja na adui mmoja. Wazazi wana haki ya kuuliza zone yao ya afya chanjo hiyo iko wapi.

Ya nne ni chandarua, maji kwa vumbi na barakoa kwa mchimbaji. Hazina jina kubwa la kitaalamu, lakini kila malaria iliyozuiwa na kila gramu ya vumbi iliyobaki chini ni kazi ambayo askari hawalazimiki kufanya.

Maulizo kwa wenye madaraka

Amri iliyotiwa sahihi Washington ilionyesha jambo ambalo Kinshasa na Lubumbashi zilijua toka zamani: afya iliyojengwa juu ya feza za watu wengine inatikisika siku moja. Haut-Katanga inatoa shaba na kobalti ambazo dunia yote inataka. Kodi za madini zipo, na sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema jimbo na vijiji vya machimbo vipate sehemu yao.

Basi maulizo ni haya. Katika makisio ya jimbo, kuna mstari wa ARV ikiwa wafadhili wataondoka? Vituo vingapi vina anfirmiye aliyefundishwa kupima mlango wa kizazi, na siki ya kupimia? Mchimbaji anayekohoa toka miezi 3 anapelekwa wapi, na nani analipa picha ya mapafu? Wabunge wa jimbo wanaweza kuyauliza bungeni, na kamati za afya za mitaa zinaweza kuyauliza kwenye mikutano yao.

Wakati majibu yanangojewa, kila mtu achunge alama hizi: kivimbe kwenye ziwa, shingo au kwapa kisichoondoka, damu kutoka kwa mwanamke inje ya siku zake au baada ya ngono, damu katika mkojo, madoa meusi mapya kwenye ngozi, taya ya mtoto inayovimba haraka, kikohozi kinachopita wiki 3, kukonda bila sababu. Si lazima iwe kansere. Lakini kituo cha afya ndicho cha kwanza kuona, si cha mwisho.